Jinsi ya kushuti komedi ya mtu aliyeuza roho kwa shetani, ukiwa Dar na hela ya mawazo

Nianze na kosa langu ili we usilirudie. Mara ya kwanza nashuti stori ya mtu anayekula dili na shetani nilienda Kariakoo nikanunua joho jekundu na mapembe ya plastiki yale ya sherehe za watoto, nikampaka jamaa yangu masizi usoni, tukaingia kichochoro kimoja Mwananyamala saa mbili usiku tukawasha kamera. Watoto wakatufuata wanaimba. Bodaboda wawili wakagombania kumpa lifti shetani. Mama mmoja akamvuta pembeni akamuuliza kwa upole kabisa hilo joho anakodisha shingapi, maana mwanae ana mahafali ya chekechea wiki ijayo.

Hakuna aliyeogopa, na waliocheka hawakucheka pale nilipotaka mimi. Nikakaa na zile klipu wiki nzima, kuja kustuka mapembe ndo yaliyoniponza. Dar mtu mwenye mapembe hatishi. Anayetisha ni yule aliyevaa shati la mikono mirefu limepigwa pasi, faili kwapani, anakuita majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na kaja saa ileile aliyosema atakuja.

Kwahiyo anza na hapo, kabla ya kamera na kabla ya skripti. Shetani wako awe mtu pekee mkweli kwenye filamu nzima.

Fikiria wiki yako ya kawaida tu. Fundi alisema kesho, leo siku ya tisa. Dalali alisema chumba kina tailizi na maji ndani, umefika tailizi unaziona ila maji yapo ndani ya ndoo. Jamaa unayemdai anakwambia ametuma ila mtandao unasumbua. Sasa katikati ya watu hao mlete mmoja anayesema nitakuja saa nne asubuhi, na saa nne kamili anagonga hodi, na mshikaji wetu bado yuko na taulo kiunoni na povu la mswaki mdomoni, hajaamini. Mtazamaji anacheka hapo afu mwili unamsisimka humohumo. Ukiipata hiyo sekunde moja umeshapata komedi nyeusi, mengine yote ni kujaza dakika.

Usimfanye mwongo hata kidogo. Shetani akidanganya tu stori inageuka utapeli wa kawaida, inakuwa kama zile meseji za kujiunga freemason zinazotaka kwanza utume hela ya fomu. Akiahidi gari, alete gari, lina bima na mafuta ful tenki. Uongo waachie binadamu, wanauweza.

Na hii sio mimi nimegundua, stori yenyewe ni ya zamani sana. Wajerumani wana yule msomi wao Faust aliyekula dili na shetani, mwandishi wao Goethe alitoa sehemu ya kwanza ya mchezo wake 1808, na miaka mia mbili kabla ya hapo Mwingereza Marlowe alishaiandikia jukwaa, ana sini moja naipenda mno, jamaa anaandika mkataba kwa damu yake mwenyewe afu damu inaganda katikati ya kuandika, inakataa kutoka, inabidi pepo akatafute moto aiyeyushe. We isome kama mkazi wa Dar: bolpeni imegoma siku ya kusaini! Ile ni ya kutisha na ni kichekesho humohumo. Halafu kuna filamu ya Bedazzled ya Uingereza ya 1967, Peter Cook ndo shetani na Dudley Moore ni mpishi kwenye kimgahawa cha baga, anapewa matakwa saba na kila takwa linakuja na tobo lake. Hollywood wakairudia 2000, shetani akawa Elizabeth Hurley. Kilichonifurahisha kwenye ile ya zamani shetani muda wa ziada anafanya visa vidogovidogo vya kijinga, anachana ukurasa wa mwisho wa vitabu vya upelelezi, anakwaruza santuri. Ana makao makuu yake na ana kazi za ofisini kama mtu yeyote. Mi nilikuwa sijaiona wakati naandika yangu na shujaa wangu alikuwa muuza chipsi, nikaja kukuta wenzangu walishamweka mpishi miaka yote hiyo, nikacheka mwenyewe.

Sasa twende kwenye sharti, na hapa kaa sana maana filamu yako inasimama au inaanguka hapa.

Wazungu bei yao ni roho. Roho kwenye kamera huioni, hujui inatoka saa ngapi, haina sauti. Sisi tuna kitu kizuri zaidi, tuna masharti. Mtu akipata hela ghafla mtaani si unajua maneno yanavyoanza, kaenda kuchukua ndagu, kapewa masharti, haruhusiwi kuoga, anatakiwa alale chini kwenye mkeka wakati ana ghorofa, kuna chumba hakifunguliwi. Mtazamaji wa hapa amekua na hizi hadithi, humfundishi kitu. Mpe sharti moja tu, la kijinga, lenye maneno yasiyozidi kumi, analoweza kulivunja akiwa hajala chai. Ukiweka masharti matano watu watasahau yote na we pia utasahau kwenye kuediti.

Mimi nilihangaika na sharti kama mwezi. Nilijaribu asile chumvi, asivuke maji, yote yalikuwa yamekaa kimganga mno. Siku moja nimekaa kijiweni nasubiri mtu, nampigia, ananiambia nipo njiani kaka nipo hapa Ubungo, na nyuma yake nasikia kabisa jogoo wa kwao na mama yake anamwambia atoe vyombo. Nikaruka. Sharti ni hilo! Utapata utajiri wote unaoutaka, ila siku utakayosema "nipo njiani" na hujatoka, nakuja kuchukua changu.

Dar nzima hakuna atakayemaliza wiki. Na ona linavyofanya kazi bila we kusukuma, jamaa anatajirika, simu zinaongezeka, kila simu ni mtego, mke anapiga, mkandarasi anapiga, wazee wa kamati ya harusi wanapiga, na yeye analazimika kusema kweli: "Hapana, bado nimelala, na sina mpango wa kuja." Anapoteza marafiki wote kwa kusema ukweli. Pesa anazo, wa kula nao hana. Sikuhitaji moto wala mizimu, nilihitaji simu tu inayoita.

Sini ya kwanza ya kukutana iandike kabla ya zote, maana ukikosea hapo hutarekebisha mbele. Yangu ilikuwa hivi, muuza chipsi yuko bandani Sinza anadaiwa na watu wa kausha damu, mafuta yameisha, viazi vimebaki vitatu:

Mtu mwenye faili: Habari za kazi, Bwana Shabani.

Shabani: Kama ni marejesho, mwenzio kashakuja asubuhi, kachukua na mtungi wa gesi.

Mtu mwenye faili: Mimi sio wa marejesho. Mimi ni Ibilisi.

(Shabani anamwangalia. Anafuta mkono kwenye aproni.)

Shabani: Shikamoo.

Ibilisi: Marahaba. Hujambo?

Hiyo shikamoo ilitupotezea nusu saa ya kugombana lokesheni. Kijana aliyecheza Shabani anasema haiwezekani, mtu hawezi kumwamkia shetani, ni dhambi. Mzee tuliyempa Ibilisi, fundi cherehani mstaafu hajawahi kuigiza maishani, akasema kwa utulivu, mtu mzima ni mtu mzima, huyu yupo tangu Adamu, asipoamkiwa yeye ataamkiwa nani. Kamera ilikuwa imezimwa, mpaka leo najuta. Ila shikamoo ikabaki, na ndo sini ambayo watu wanacheka mpaka wanapiga mapaja.

Na mzee kama huyo ndo umtafute, usimtafute mchekeshaji. Mchekeshaji atataka kuchekesha. Tafuta mtu anayeongea taratibu, mwenye sura ya mhasibu au mwalimu mkuu msaidizi, mwambie asitabasamu, asikaze macho, asicheke ile ha ha ha ya bongo muvi ya majini. Aongee kama anasaidia. Siku ya kumkagua mpe methali moja tu aiseme, zimwi likujualo halikuli likakwisha, aiseme kama anamfariji mtu mwenye njaa. Ukisikia baridi, umempata.

Kuna watu watakwambia komedi ya namna hii ni ya kizungu, sisi hatuchekei kifo. Waulize wamewahi kwenda msiba wenye watani kweli? Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi anaweza kuja amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaomba chai kama marehemu alivyokuwa anaomba, wengine wanalala kwenye jeneza au wanaziba njia ya kwenda makaburini wanadai hela ndo mwili upite, na mjane machozi yanamtoka huku anacheka. Hawamdhalilishi marehemu, wanambebea mjane mzigo kwa dakika mbili. Nenda kakae kwenye msiba wa hivyo, usirekodi, angalia tu mtani anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Anaingia kilio kikiwa juu kabisa na anatoka kabla kicheko hakijazoeleka. Hiyo taiming hakuna darasa litakufundisha.

Ila mtani ana mipaka yake na wewe uwe nayo. Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa kwasababu ya imani hizihizi za utajiri, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu. Hapo hakuna kichekesho, usiende hata kwa kuzunguka. Usitoe mtoto kafara kwenye skripti ukadhani ni utani. Anayechekwa ni mwenye tamaa, basi. Pia usimpe shetani lafudhi ya kabila lolote wala kanzu wala kola ya padri, na sini yoyote usiipeleke karibu na msikiti au kanisa, sio uoga, ni kwamba ukimpa dini mtazamaji anaacha kuangalia stori anaanza kuangalia kama kwao wametukanwa. Na jini sio shetani jamani, watu wa pwani wanajua tofauti, ukichanganya watakuumbua mapema.

Skripti usizidishe kurasa kumi na mbili. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na dakika kumi na mbili ndo pumzi ya mtu anayeangalia kwenye simu ndani ya daladala. Lokesheni tatu zinatosha kabisa: banda la chipsi, chumba cha Shabani, na ofisi ya mtaa ya kubuni. Ile ofisi usiiruke, maana hapo Ibilisi anafika na mkataba umekamilika kila kitu, anaambiwa hauna muhuri, mwenye muhuri katoka, na akirudi kuna hela ya soda. Shetani anakaa kwenye benchi na faili lake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni. Muda wote anaosubiri hakuna anayeongea kitu, feni tu inazunguka. Ni mara ya kwanza mtazamaji anamuonea huruma.

Mkataba wenyewe uandike kweli, usiweke karatasi tupu. Kamera itaona, na muigizaji akisoma maneno halisi uso unabadilika wenyewe. Mimi nilichapa kurasa mbili kwa lugha ileile ya mikopo, mkopaji, mdhamini, dhamana, kukiuka masharti, nikaacha sehemu ya dole gumba na kibweta cha wino wa bluu. Tukauacha mezani tunakula. Jirani akaja kuchungulia, akausoma wote kimyakimya mpaka mwisho, afu akaniuliza, sasa huu riba yake ni ngapi kwa mwezi? Nikamwambia hauna riba, unachukua roho tu. Akafikiria. Akasema mbona nafuu.

Nikaenda kuiandika palepale, ikaingia kwenye filamu.

Haya ya kiufundi nipite haraka kidogo. Simu yoyote yenye kamera nzuri inatosha ila pakua programu inayokuruhusu kufunga mwanga na fokasi, usiache simu ijiamulie. Umeme wetu unaenda kwa Hz 50, kwahiyo shuti fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na shata, ule muda kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ndani zitachezacheza kwenye picha na hutaona mpaka ufike kwenye kompyuta. Nje usishuti saa sita saba mchana, jua liko utosini macho yote yanakuwa mashimo. Mimi natumia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, tunapumzika, tunarudi saa kumi na nusu mpaka jua linazama huko kwenye saa kumi na mbili na kitu. Banda la chipsi usiku lina taa yake nzuri ya njano, iache kama ilivyo, usilete taa nyeupe ukaua kila kitu.

Pesa yako kubwa weka kwenye sauti. Watu wanavumilia picha mbaya, sauti mbaya hawavumilii. Nunua au azima maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Kabla ya kushuti simama dakika mbili usikilize mtaa, utashangaa: muuza kahawa anagonga vikombe, gari la matangazo, jenereta la saluni, kuku. Feni zima, friji zima. Na ukizima friji ya watu weka funguo za pikipiki yako ndani ya hiyo friji, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha, mimi niliwahi kuozesha samaki wa mwenye nyumba kilo sita na nikazilipa. Kila lokesheni rekodi sekunde thelathini za ukimya wa pale, watu wote wamenyamaza, hiyo utaiweka chini ya maongezi wakati wa kuediti isisikike ulipokata. Adhana ikianza subiri iishe, pumzikeni, ni heshima na pia hakuna maiki itakayoishinda.

Luku ijaze siku moja kabla. Umeme ukikatika usiite watu warudi kesho, kuwa na sini mbili za nje kwenye akiba. Ile ya Ibilisi anasubiri daladala tuliishuti hivyo, haikuwepo kwenye skripti, umeme ulikatika tukatoka nje, mzee akasimama kituoni na faili lake, magari yanapita yamejaa, konda anamwambia mzee sogea wewe sio malaika. Konda alikuwa konda kweli, hakujua tunashuti. Tulimfata baadae kumuomba ruhusa, akataka aonekane zaidi.

Vibali: filamu hapa zinasimamiwa na Bodi ya Filamu kwa sheria namba 4 ya 1976, unaomba kibali cha kutengeneza kabla ya kushuti na muhtasari wa stori unaambatanisha, na kabla ya kuionyesha hadharani inapitiwa na kupewa daraja la umri. Nenda uulize taratibu na ada za sasa hivi usisikilize za kijiweni. Kwenye muhtasari usiandike "filamu ya kishetani", andika ukweli wenyewe, ni komedi ya mtu mwenye madeni. Serikali ya mtaa pia waone, majirani waambie mapema siku ipi na saa ngapi, hasa kama kuna mtu atapiga kelele usiku. Muziki usichukue wa mtu, tafuta kijana mwenye studio chumbani akupigie zeze au ngoma mbili, muandikishane.

Kuediti. Kosa la wengi ni kuweka muziki wa kutisha kila Ibilisi akitokea. Toa. Acha akitokea kila kitu kinyamaze hata wale kuku. Na kichekesho usikisubirie, mtu akishamaliza mstari wake kata, usikae kwenye uso wake unasubiri watu wacheke, sio jukwaani pale.

Mwisho wa stori ndo ulinisumbua zaidi. Nilikuwa na mwisho ambao Shabani anatubu, nikaona unanuka mahubiri. Nikawa na mwisho wa moto, sina hela ya moto. Ule uliobaki ni huu: Shabani ametimiza mwaka mzima bila kusema uongo kwenye simu, kesho yake mkataba unaisha anakuwa huru. Yupo kitandani, shuka mpaka shingoni. Simu inaita, namba haijasevu. Anapokea kwa jicho moja. Sauti inasema, "Bwana Shabani, uko wapi?" Na yeye kwa mazoea ya miaka thelathini ya kuishi mji huu, kabla hajaamka vizuri, anajibu, "Nipo njiani bosi, nipo hapa Ubungo."

Kimya. Afu tunasikia hodi. Saa ya ukutani inasoma saa nne kamili. Kata, giza, usionyeshe mlango unafunguka.

Kitu kimoja tu sikukwambia kuhusu ule mkataba. Siku ya kushuti sini ya kusaini, kijana wetu akagoma kuweka dole gumba. Tukamwambia ni karatasi nimechapa steshenari, akasema najua, we weka basi. Nikasema mimi ni dairekta. Kameramani akasema mikono yake ina kazi. Mtu wa maiki akaenda kununua maji hakurudi mpaka sini ilipoisha. Watu saba tuliosoma, tunacheka shetani wiki mbili, na hakuna hata mmoja aliyekubali. Mwisho yule mzee fundi cherehani akavua kofia, akachovya kidole kwenye wino, akagandamiza, akasema haya endeleeni nina suruali ya mtu nimeahidi saa kumi. Kwahiyo kwenye filamu ukiangalia vizuri, dole linaloshuka kwenye karatasi ni la Ibilisi mwenyewe, lina makovu ya sindano. Jiandae na hilo, tafuta mtu wa dole mapema umuweke kwenye bajeti.

Mkataba ninao mimi, uko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, kila mtu alisema hauchukui. Mzee suruali aliitoa saa kumi.